Kadi za Mtandao na Karasha la Makongolosi

Mpaka leo nikisikia mtu anasema kazi ya kompyuta ni kazi laini, kazi ya kukaa, natamani nimvulie shati nimwonyeshe mgongo. Mimi kompyuta zimenipiga. Zimening'oa jino la mbele, zimemvunja shemeji yangu mtulinga, na zimempandisha dada yangu, mama wa watoto wanne, juu ya karasha la kusagia mawe ya dhahabu akiwa na mpini wa jembe mkononi, akiwatangazia wachimbaji wa Makongolosi kwamba leo kuna mtu atazikwa na si yeye. Yote kwa ajili ya kadi za mtandao na draiva zake.

Darasa letu la jioni lilikuwa Soweto, hapa Mbeya mjini, kwenye chumba kilichowahi kuwa ghala la mbolea. Mvua ikinyesha, kuta zilitoa harufu kali kiasi kwamba ukisinzia unaweza kuamka umeota majani. Mimi nilishamaliza kidato cha nne hapo hapo, nikiwa na ndevu na mke, nikabaki kama fundi wa darasa kwa kuwa peke yangu ndiye niliyeweza kufungua sipiyu bila kusali kwanza. Dada yangu ndiye alikuwa bado anasoma.

Dada alifukuzwa shule kidato cha pili, enzi zile ambapo msichana akishika mimba anatolewa nje na begi lake, na kijana aliyempa mimba anaendelea kucheza mpira uwanjani. Baba yetu, Msafwa wa milimani, mtu mpole asiyejua hata kupayuka, alimpiga kimyakimya kwa mpini wa shoka mpaka mpini ukakatika. Kisha akatoka nje kuchonga mwingine. Mimi ni mtu wa chumvi, kila anayenijua anajua, mbuzi akipita mdomoni mwangu anatokea ng'ombe. Lakini ule mpini nilikuwepo ulipokatika, na mlio wake sijawahi kuuongezea kitu.

Aliolewa na yule kijana. Akazaa, akalima viazi, akauza viazi, akazaa tena. Vitabu vyake vya kidato cha pili alivitunza kwenye ndoo yenye mfuniko, panya wasije wakamalizia kazi iliyoanzwa na walimu. Mara mbili alijaribu kurudi kusoma. Mara ya kwanza mimba ya tatu ikamkatiza. Mara ya pili kituo alichojiandikisha kikafungwa kabla ya usajili wa mtihani. Hii ilikuwa ya tatu, na alikuwa amesoma kwa hasira mpaka hesabu zenyewe zilimwogopa.

"Nikikosa na hii, mdogo wangu," aliniambia, "nitachoma ile ndoo. Halafu nitaangaza macho nione kitu kingine cha kuchoma."

Basi akaja mama mkaguzi wa vituo vya elimu ya watu wazima. Mama mwembamba, ana miwani ya kamba, sauti yake ndogo lakini inakata kama wembe. Akazunguka chumba, akanusa ukuta, akasema: "Watahiniwa wa kujitegemea siku hizi wanajisajili kwa mtandao. Kituo kisicho na kompyuta inayoongea na mtandao sio kituo, ni baraza la mazungumzo. Nitarudi Ijumaa ya wiki ijayo, saa kumi jioni. Nikiona mwanafunzi mmoja anajisajili hapa mbele ya macho yangu, mna kituo. Nisipoona, nafunga."

Dada alinigeukia. Macho yake peke yake yalinisukuma hatua mbili.

Kompyuta tulikuwa nazo. Zilitoka kwa mjomba wetu, kaka yake mama, kule Ilula mkoani Iringa. Mama yetu ni Mhehe wa huko. Mjomba alikuwa karani wa ofisi ya usharika, Mlutheri asiyetupa kitu. Nyumbani kwake ukifungua kabati unaangukiwa na betri za redio za kabla ya wewe kuzaliwa. Ofisi iliponunua mashine mpya, yeye alizipakia zile kuukuu kwenye basi akatuletea. Zilikuwa kuukuu hasa. Ukiiwasha moja, ilikuwa inanguruma kama mtu anayeamshwa kwa teke. Mfumo wa kisasa wa kununua uliziua kabisa, ungeweza kubandika makande, yakaiva, ukala, ukaosha sufuria, kioo bado hakijaonyesha kitu. Nikazifuta zote nikaweka mfumo wa bure wa jamii ya Unix, ule mwepesi ambao unauamuru kwa maandishi. Zikafufuka.

Shida ilibaki mtandao. Matundu ya mtandao yaliyokuja na zile mazabodi, bodi kuu za ndani, yalikuwa yameunguzwa na radi ya Ilula, yote kwa mkupuo mmoja, kama familia iliyokaa meza moja. Mjomba alishajua, akanipa kiroba cha kadi za mtandao za kuchomeka, za zamani. "Hizi usizidharau," alisema. "Mfumo wako una draiva zake tumboni tayari."

Draiva, kwa ambaye hajawahi kuteswa nayo, ni mkalimani. Mfumo wa kompyuta ni Mnyakyusa, kadi ni Msangu, kila mmoja anaongea cha kwao. Bila mtu wa katikati watatazamana mpaka jua lizame, na mwisho watashikana mashati. Nilizijaribu kadi za mjomba moja baada ya nyingine kwenye mashine moja. Kila moja ilitambuliwa hapo hapo, taa ya kijani ikapepesa. Nikazichomoa zote, nikazirudisha kwenye kiroba, nikakiweka nyumbani kwa dada, chini ya benchi, nikisubiri nipate skrubu za kuzifungia. Zilikuwa zimebaki siku tatu mkaguzi arudi.

Asubuhi ya Jumatano kiroba hakipo.

Sasa nikwambie kuhusu shemeji, yule yule kijana aliyemwoa dada. Shemeji yangu ni mwanaume mkubwa, mabega yake yanaingia mlangoni kwa zamu. Roho yake ni ya kondoo, ila ana ugonjwa mmoja, dhahabu. Akivuna viazi anaenda Makongolosi, huko Chunya kwenye machimbo, anarudi na matope na hadithi. Nilimpigia simu. Ilipopokelewa nikasikia kwanza ngurumo, kama bati linaburuzwa kuzimu.

"Shem, uko wapi?"

"Makongolosi, shem! Nakutafutia maisha!"

"Umeona kiroba changu?"

"Si ndicho nimekuja nacho! Shem, ulikuwa umelalia utajiri hujui! Yale meno ya pembeni ya zile kadi, yanayong'aa, ile ni dhahabu yenyewe! Kuna mzee hapa analisha karasha, anasaga kompyuta kama mawe. Tutagawana, usiwe na wasiwasi!"

Na hakudanganywa, jamani. Yale meno yamepakwa dhahabu kweli, utando mwembamba kuliko aibu ya mlevi. Kwa watu wengine kadi ya mtandao ni kadi ya mtandao. Kwa mtu aliyekaa Makongolosi kila kinachong'aa ni jiwe, na jiwe linaenda kwenye karasha, linasagwa unga, unga unaoshwa kwa zebaki. Ndiyo akili ya pale.

Dada alinipokonya simu. Alisikiliza ile ngurumo kidogo, akaikata. Akaenda nyuma ya nyumba akachukua jembe, akaligonga kwenye kizingiti, pa, pa, pa, mpaka chuma kikachomoka kikaanguka. Akabaki na mpini.

"Twende," akasema.

"Dada, tuongee naye kwanza..."

"Mara ya kwanza alinitoa shule kwa tumbo. Hii ya pili anataka kunitoa kwa kiroba. Twende kabla sijakuanza wewe uliyekiweka chini ya benchi."

Ndani ya basi la Chunya alikaa na mpini katikati ya magoti, kama mzee wa baraza, na konda alipofika kwetu aliruka kiti chetu akaenda kudai nauli ya nyuma. Tulipanda ile milima kwenye ukungu, tukateremka upande wa joto. Njia nzima aliniuliza kitu kimoja tu, "Zikisagwa, zinaweza kuungwa?" Nikamwambia haziungiki. Akatikisa kichwa polepole, kama hakimu.

Karasha lilikuwa pembezoni mwa mji, chini ya paa la mabati. Ni pipa kubwa la chuma linalozunguka, ndani lina mipira ya chuma, na kelele zake zinakung'oa mawazo kichwani. Chini kulikuwa na wanaume wamejaa vumbi jeupe mpaka kope, mmoja anavunja sipiyu kwa nyundo, mwingine anapasua mazabodi kwa shoka. Vioo vya kompyuta vilikuwa vimetobolewa na vimelala chali kama watu waliopigwa barabarani. Nimewahi kuona ng'ombe akichinjwa, nimewahi kuona nyumba ikibomolewa na watu ndani wanalia, lakini mimi fundi nilivyoona zile mashine nilijikuta nazihesabu zile ambazo bado zingeweza kufufuka.

Shemeji alikuwa amesimama karibu na mdomo wa karasha, anatabasamu, kiroba chetu mkononi. Kilikuwa kitupu.

Dada hakumsalimia. Mpini ulimpata begani, ukarudi ukampata mgongoni, na wa tatu alikuwa anaukusudia kichwani ila akateleza kwenye tope. "Ziko wapi?" alikuwa anapiga kelele. "Ziko wapi? Ziko wapi?" Kila swali na pigo lake. Shemeji, jitu zima lile, alikuwa amejikunyata, mikono kichwani, anasema, "Mama nanihii, nisikilize, mama nanihii, nilijua ni chuma chakavu!"

"Ziko wapi?"

Akanyoosha kidole kwenye pipa.

Nafikiri dada angemwua pale pale. Sisemi kwa chumvi. Niliona uso wake, ulikuwa uso wa baba siku ile. Kilichomwokoa shemeji ni kwamba dada alimwacha, akapanda kwenye jukwaa la karasha akaanza kulipiga pipa lenyewe kwa mpini, akitaka lisimame. Kijana wa zamu akamvuta mguu. Dada akamkanyaga vidole. Mwingine akamshika kiuno kwa nyuma akamtupa chini, akadondoka kwa ubavu kwenye kifusi, na mkono wake wa kulia ukawa chini yake.

Hapo shemeji alinyanyuka.

Kondoo yule sijui alikwenda wapi. Alimshika aliyemtupa dada akamwinua kama debe la maji, akampiga naye mwenzake, wakaanguka wote. Watu wakaja kutoka kila shimo, nahisi mpaka waliokuwa chini ya ardhi walipanda kwa ajili yetu. Mimi nilikuwa nimeandaa maneno ya busara. Nilifika hadi "Jamani, sisi sote ni..." nikapigwa ngumi ambayo mpaka leo naisikia inatembea mwilini inatafuta pa kutokea. Jino likaenda. Nikalitafuta kwa ulimi, halipo. Nikainuka, nikampiga mtu, nadhani alikuwa ametokea tu kuangalia. Shemeji akapigwa mpini wa sururu juu ya kifua, nikasikia mtulinga unaita, ta, na bado akaendelea kupigana kwa mkono mmoja, akilia kama mtoto na kutukana kama mlinzi wa baa.

Mwenye karasha akatokea ofisini. Mzee mfupi, mpana, kofia ya kufuma, panga mkononi. Vijana wakampisha.

"Nani analipiga karasha langu?"

Dada alikuwa amesharudi juu ya jukwaa, mpini ameuhamishia mkono wa kushoto. Akamtukana yule mzee kwa Kihehe, tusi refu la ukoo mzima, lile ambalo mama alikuwa akilitumia kwa nyani shambani.

Mzee akasimama. Panga likashuka.

"Wewe mwanamke. Hicho ni Kihehe?"

"Ni Kihehe! Mhehe wa Ilula! Panda huku uone!"

"Kwa baba au kwa mama?"

"Kwa mama! Kwenye ziwa nililonyonya! Una lingine?"

Mzee akawageukia vijana wake, uso umembadilika kabisa. "Zimeni mashine," akasema. "Zimeni! Mnampiga mtani wangu? Mnampiga Mhehe mbele yangu bila ruhusa yangu mimi Mngoni?"

Vijana, wengi Wasukuma na Wasafwa, walibaki wameshika mawe mikononi hawajui wayaweke wapi. Karasha likazimwa. Ukimya uliokuja uliuma masikio kuliko kelele. Kwa msomaji wa mbali niseme hivi: mababu wa Wangoni na mababu wa Wahehe walichinjana miaka mingi mpaka hakukuwa na wa kushinda, wakachoka, wakaweka silaha chini, na tangu hapo wajukuu ni watani. Mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako ukacheka. Anaweza kuingia kwenye msiba wako akaubeba mlango. Na akikalia kitu chako akasema ni changu, kukigombania ni aibu. Lakini kumwaga damu yake, hilo ni kosa la kulipia.

Dada, na hapa ndipo nilipojua kwamba ana akili kuliko ukoo wote, alishusha mpini akabadilisha sauti.

"Kumbe ni Mngoni! Ndiyo maana! Ninyi mliotoka kusini kwa miguu mpaka mkasahau mnaenda wapi! Mmefika hadi Chunya mnasaga redio!"

"Na ninyi mnaomla mlinzi wa nyumba!" mzee akajibu, ameanza kucheka. "Mbwa akibweka usiku mnasema kitoweo kinaita!"

"Angalau mbwa ana nyama. Wewe unakula kompyuta!"

Wakacheka. Mimi na shemeji tulikuwa chini, damu zinatutoka, wao wanacheka. Mmoja wa waliokuwa wananipiga aliniinua akanipangusa vumbi mabegani.

Lakini kadi za mjomba zilikuwa zimekwisha. Mzee alifungua pipa, akachota kwa koleo. Unga wa kijani, na vipande kama kucha. Dada aliutazama ule unga, na kile kicheko kikamtoka usoni. Niliogopa upya. Akaangaza macho pale chini ya paa, akaona gunia kwenye kona. Akaenda, akalifungua: kadi za kompyuta, za kila aina, zilizochomolewa kwenye mashine za maofisi, hazijasagwa bado. Akalifunga, akalikalia.

"Hili ni langu," akasema.

Mzee akashika kiuno. "Mtani, hilo gunia ni la kazi."

"Nimelikalia."

"Mtani..."

"Vijana wako wamenivunja mkono na wamemvunja mume wangu. Damu ya Mhehe iko kwenye tope lako. Nimelikalia, na wajomba zangu wote wa Ilula wamelikalia."

Mzee akawaambia vijana, "Mbebeeni mpaka stendi. Na mtu asicheke."

Shemeji tulimwacha zahanati ya Chunya, mkono umefungwa kifuani. Dada naye walimfunga mkono, haukuvunjika, ulikuwa umeteguka na kuvimba kama mkate. Aliposimama mlangoni kuondoka, shemeji alisema kwa sauti ndogo, "Nisamehe." Dada akamjibu, "Ijumaa ndiyo itakusamehe, au isikusamehe," akapanda basi.

Alhamisi kutwa nilikuwa nimepiga magoti ghalani, mdomo umevimba, nachagua kwenye gunia. Nyingi hazikuwa kadi za mtandao kabisa: za sauti, za picha, za modemu. Za mtandao zilikuwa chache, zote za aina moja, aina nisiyowahi kuiona. Nikachomeka moja. Mfumo wangu mpya mzuri ukaitazama, ukasema hakuna kadi.

Mashine hizi huwezi kuzipiga makofi zikakiri, ingawa nilijaribu. Ila kwenye mfumo wa Unix kuna amri unayoandika, mashine inakutajia kila kilichochomekwa tumboni mwake: namba ya mtengenezaji na namba ya kifaa, hata kama haijui kukitumia. Ni kama maiti isiyotambulika ambayo bado ina alama za vidole. Nikazinakili zile namba kwenye simu, nikatafuta. Nikapitia kurasa za Kiingereza mpaka macho yakawa yanatoa moshi, wazungu wanagombana, kila mmoja anamwita mwenzake mjinga. Hatimaye nikapata jibu. Draiva yake ilikuwapo ndani ya mfumo kwa miaka mingi. Kwenye matoleo mapya imeondolewa. Mtu mmoja alikuwa ameandika sababu: hakuna anayetumia kadi hii tena.

"Hakuna?" nilipiga kelele mle ghalani na mdomo wangu wenye pengo. "Hakuna? Na mimi je?"

Dada alikuwa ameketi kwenye dawati la nyuma, anafanya hesabu kwa mkono wa kushoto. "Imesema nini?"

"Inasema tunatakiwa mfumo wa zamani. Tuliweka mpya mno."

"Nani anatunza vya zamani?"

Tukatazamana, tukasema pamoja: "Mjomba."

Toleo la zamani ni zigo kubwa, laini ya simu yetu ingelishusha mpaka Krismasi. Nikampigia mjomba. Alisikiliza, akasema ngoja, nikasikia makabati yanafunguliwa na vitu vinaanguka, na mkewe analalamika. Akarudi. "Ninalo. Liko kwenye flashi, lina kila kitu, linawaka lenyewe kutoka huko huko. Kesho alfajiri nalipakia kwenye basi. Nitalificha ndani ya tenga la nyanya, wasiliibe."

"Mjomba, nipe tu kwa dereva..."

"Dereva namwamini na maisha yangu, sio na flashi."

Ijumaa basi lilichelewa. Lilipoingia stendi ya Mbeya, saa kumi ilikuwa imebaki kidogo tu. Wapagazi waliruka kwenye buti kama fisi, wawili wakalishika tenga letu kila mmoja upande wake, huyu anasema mimi nimeliona kwanza, yule anasema mama yako. Tenga likapasuka. Nyanya za Ilula, nyekundu, zilizoiva, zikamwagika chini ya miguu ya umati na zikakanyagwa zote. Nililala kifudifudi. Watu walinikanyaga mikono, mtu akanipiga teke la mbavu kwa kudhani naiba, nami nakwangua uji wa nyanya kwa kucha, mpaka nikashika kitu kigumu ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa kwa mpira wa baiskeli. Nikambusu mjomba hewani, nikarukia bodaboda.

Niliingia darasani nyekundu kuanzia nywele hadi viatu, pengo mdomoni, jicho limefumba. Mama mkaguzi alikuwa amesimama, mkoba begani, anataka kuondoka. Dada alikuwa amesimama mlangoni mbele yake, mkono mmoja umefungwa, mwingine umeshika fremu.

"Jamani!" mama mkaguzi akasema. "Huyu nani kamchinja?"

"Ni nyanya, mama," nikasema. "Nyingi ni nyanya."

Kati ya zile mashine, ni moja tu iliyokubali kuwaka kwa flashi. Nyingine zote ziliikataa kama mtoto anavyokataa mwarobaini. Moja inatosha. Nikachomeka kadi ya Makongolosi, nikaunganisha waya kwenye ruta ya laini ya simu, nikawasha. Mistari ikaanza kupita, myeupe juu ya weusi, toleo la zamani, polepole, kama mzee anayepanda ngazi. Na katikati ya ile mistari ukapita mmoja unaotaja kadi yetu kwa jina lake kamili. Taa ya kijani nyuma ya sipiyu ikapepesa mara moja, ikatulia, ikaanza kupepesa bila kukoma.

Nikampisha dada kiti. Vidole vyake vilikuwa vimevimba, akawa anabonyeza kwa kimoja cha kushoto, kwa nguvu, kama anayemtoboa mtu jicho. Jina. Jina la baba. Mwaka wa kuzaliwa. Masomo, akayachagua yote, na hesabu akaibonyeza kwa nguvu zaidi. Mama mkaguzi alikuwa ameinama juu ya bega lake, amesahau mkoba. Shemeji alikuwa amefika na basi la Chunya, yuko nje ya dirisha, mkono kifuani, haingii. Dada akabonyeza mara ya mwisho.

Ukurasa ukafikiri. Ulifikiri mpaka nikaanza kuyakumbuka madhambi yangu. Kisha ukaandika kwamba maombi yamepokelewa, na chini yake namba yake ya usajili.

Dada hakulia. Aliiandika ile namba mkononi kwa kalamu, juu ya bandeji.

"Kituo mnacho," mama mkaguzi akasema.

Na hapo darasa zima likasahau kwamba ni watu wazima. Mashine ni moja, usajili unafungwa, na kila mtu anaona zamu yake ni sasa. Muuza mitumba akamsukuma fundi cherehani, fundi cherehani akamkumba mwinjilisti, mwinjilisti akapiga kiwiko ambacho hakiko kwenye Biblia. Mama mkaguzi alibebwa na wimbi mpaka ubaoni, miwani ikining'inia kwenye kamba yake, anasema taratibu, jamani, taratibu. Dawati likavunjika. Nililala juu ya waya wa mtandao ili mtu asiuchomoe, nikakanyagwa upya pale pale palipokuwa pamekanyagwa stendi.

"KETINI!"

Ilikuwa sauti ya mama yetu kabisa, ile ya nyani. Wakaketi, wengine sakafuni.

Dada hakuwa ameondoka kwenye kiti. Aligeuza kioo kidogo upande wake, akavuta kibodi.

"Mnaandika polepole, mtatumalizia bando," akasema. "Mmoja mmoja, anatamka, naandika mimi. Wewe uliyevunja dawati, utakuwa wa mwisho. Haya, wa kwanza. Jina la baba?"